Bakuli la Baba Ruzuna

Kingsbury, London
12 Desemba 1970

Mdogo wangu Thuwaiba,

Assalaam alaykum. Nakupa mkono wa Idi, wewe na mama, ingawa Idi yenyewe imeshapita na ubani wake. Sisi hatujambo. Ruzuna amerefuka, lile gauni ulilomshonea sasa ni blauzi. Kiswahili anakisikia chote, hasa ninapomgombeza, lakini jibu hutoka kwa Kiingereza. Siku ya Idi tulipika pilau chumbani. Kokila, mama mwenye nyumba wetu, Mhindi wa Mombasa asiyekula nyama, alipanda juu akala kachumbari peke yake, akatutakia heri.

Nimepata kazi. Kaa chini kwanza. Napika. Ndiyo, mimi niliyekuwa nikiunguza hata maji, kama ulivyozoea kunitangaza mtaani. Tena napika kwa Mayahudi, si mbali na hapa. Nyumba ni ya bibi mmoja mjane, Bi Frida, anayekaa na mwanawe, mkwewe Jane na wajukuu. Jane na mumewe wanashinda dukani kwao, ndiyo maana wakataka mpishi. Nyama yao inachinjwa, nguruwe haingii mlangoni, kwa hiyo usianze kunisomea. Lakini ana masharti yule bibi! Sufuria za nyama mbali, za maziwa mbali, na ole wako uchanganye vijiko. Moto siruhusiwi kuuwasha mimi. Dini yao inataka chakula kiwe na mkono wa mmoja wao, basi kila asubuhi Bi Frida huteremka na fimbo yake, akawasha jiko kwa kibiriti, akanikabidhi mwiko na kusema, "Haya, pika."

Sasa lile nililokalia kuandika. Baba Ruzuna anakula? Najua huwezi kuniambia mengi, barua hizi zina wasomaji zaidi ya wewe na mimi. Lakini tangu waje kumchukua, wewe ndiye unayempelekea chakula pale mlangoni kwa askari, na zamani ulikuwa ukinieleza: Ijumaa hii wali na mchuzi wa changu, bakuli limerudi tupu, hata mwiba haukurudi. Maneno hayo, "bakuli limerudi tupu," ndiyo yaliyokuwa yakinipa usingizi. Ni muda sasa huyaandiki. Yaandike tena, mdogo wangu.

Nampelekea sweta kwa mkono wa mpwa wake Kokila anayekwenda Dar. Sakafu ya saruji ina baridi hata kwetu.

Dada yako,
Zeyana


Vikokotoni, Unguja
17 Januari 1971

Dada Zeyana,

Waalaykumu salaam. Barua yako imenikuta kwenye foleni, na si foleni ya posta. Kulisemwa unga umekuja, tukajipanga tangu alfajiri, kumbe uliokuja ni uvumi. Tumerudi tukachemsha muhogo, alhamdulillahi. Mama hajambo ila jicho la kushoto linamtoa machozi bila sababu. Yule paka wako mwizi amezaa ndani ya kabati la nguo zako na amekataa kuhama, nami nimemwachia.

Mayahudi! Mama alishika kiuno akacheka. Kisha akakasirika kidogo. Amesema wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini yeye alikufunza, mwenye kichwa kigumu ni wewe, watu wasije wakamsingizia. Anauliza huyo Bi Frida wako anakula samaki gani.

Umeuliza juu ya shemeji. Chakula chake kinapikwa kila Ijumaa. Mama mwenyewe ndiye anayekoroga mchuzi, hataki hata nimshikie mwiko. Mchele ukiwa wa mgao, fungu lake linatengwa kwanza ndipo tunagawana sisi. Hilo usilitie shaka.

Sweta limefika, rangi yake nzuri sana. Ruzuna ana viatu vya baridi? Mpake mafuta ya nazi miguuni, huko nasikia ngozi hupasuka.

Mdogo wako,
Thuwaiba


Kingsbury, London
14 Machi 1971

Thuwaiba,

Salamu kwako na kwa mama, na jicho lake nimeliombea. Usinione nimenyamaza. Watu wa posta huku waligoma, wakafunga kila kitu, barua zikalala maghalani. Yako imenifikia juzi. Ruzuna viatu anavyo, mafuta ya nazi anayakimbia, anasema wenzake darasani wanamwambia ananuka keki.

Barua yako nimeisoma nikairudia, nikaisoma nikiwa nimesimama na nikiwa nimelala. Umesema chakula kinapikwa. Hukusema kinaliwa.

Nitakungoja. Kwa sasa niache nikupe ya huku. Sikukuu yao kubwa inakuja, ya kukumbuka Nabii Musa alivyowatoa watu wake kwa Firauni. Walitoka mbio, unga wao haujaumuka, kwa hiyo siku za sikukuu hawali mkate wala andazi wala chochote chenye chachu, na hata chembe isikutwe nyumbani. Chembe, mwenzangu! Bi Frida amenitia kazini kama nahodha. Makabati yamekung'utwa, rafu zimemwagiwa maji ya moto na kutandikwa karatasi nyeupe, na kila kabati likishatakata linafungwa kwa uzi, mtu asiliguse. Vyombo vya kila siku vinapelekwa banda la uani, na vya sikukuu vinateremshwa darini, navyo havitumiki mpaka siku ifike.

Sasa wewe fikiri. Jiko limefungwa nusu, vyombo hakuna, na watu wana njaa vilevile. Wajukuu wanarudi shuleni wanalia tumbo. Mimi nimebakishiwa kona, sufuria moja na moto mmoja. Nawalisha viazi. Viazi vya kuchemsha, viazi na mayai, viazi nilivyovitia ndimu na bizari kama vya kwetu, na hivyo ndivyo walivyoramba vidole. Nilimwambia Bi Frida, basi tupike wali, wali hauna chachu. Akaniambia kwao wali nao haufai siku hizo. Nikamuuliza Nabii Musa aliukosea nini mchele, akacheka mpaka akakohoa. Mkate uliobaki wanaulia uani, wamevaa makoti, wamekalia masanduku, wakimaliza wanakung'utwa kama mikeka kabla ya kuingia ndani. Unga uliobaki umekwenda kwa jirani asiye Myahudi.

Nakuomba, kwa barua hii hii. Bakuli linarudi vipi?

Zeyana


Vikokotoni, Unguja
30 Machi 1971

Dada,

Salamu za mama. Jicho ni lile lile. Hatujambo.

Kwa hiyo kuna watu duniani wanaotoa unga nje ya nyumba kwa hiari yao. Sikumsomea mama mahali hapo.

Dada, mambo mengine yaache. Umelea mtoto, una kazi, una paa. Shika hayo. Ijumaa tunapika kama nilivyokwambia na fungu lake linatoka kwanza kama nilivyokwambia. Usiniulize mara ya pili kitu nilichokwisha kujibu.

Paka ametuletea panya mkubwa, kamweka juu ya mswala.

Thuwaiba


Kingsbury, London
11 Aprili 1971

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na mama namshika miguu. Leo sina habari za kukuchekesha. Nimefanya kosa nyumbani kwa watu, nalo ndilo lililonipa ujasiri wa barua hii.

Unakumbuka mama alivyotulea: chungu hakiepuliwi kabla ya kumwekea aliye safarini. Baba alipokuwa baharini, sahani yake ilipakuliwa, ikafunikwa, jioni tukaila sisi. Mimi tangu Baba Ruzuna achukuliwe sijaacha. Popote ninapokula namwekea, iwe chumbani, iwe kule kazini. Simwambii mtu. Jioni ninaichukua, anakula Ruzuna au nakula mimi, naona kama amekula yeye.

Alhamisi mchana, siku moja kabla ya sikukuu yao, niliwalisha kule uani mkate wa mwisho na mayai. Nikapakua fungu la Baba Ruzuna, nikalifunika sahani juu, nikaliweka mahali pangu. Mahali pangu ni kabati la juu kulia. Mkono una mazoea, Thuwaiba. Uzi nilifungua mimi, nikafunga mimi, na akili haikuwepo.

Giza lilipoingia wakaja kufanya desturi yao. Taa zinazimwa, Bi Frida anashika mshumaa na mwanawe unyoya wa kuku, wajukuu nyuma wanafuata, wanatafuta chembe ya mwisho. Huwa wenyewe wanavificha vipande vya mkate humo ndani ili kutafuta kusiwe bure. Wakavipata vyote, watoto wanashangilia. Kisha Bi Frida akafungua kabati la juu kulia. Mkate, ndani ya kabati lililotakata, juu ya karatasi nyeupe!

Alipiga ukelele kwa lugha ya kwao. Jane akajishika kichwa, maana amesugua naye kwa mikono yake. Mimi nikasogea mbele. Nikasema, "Ni yangu, nimesahau, nitaosha upya, nitaosha jiko zima."

Bi Frida akasogeza mshumaa usoni pangu. "Chakula chako unakula na sisi. Hiki umemwekea nani?"

"Mume wangu."

"Mume wako yuko wapi?"

Nikafungua mdomo. Wallahi sikujua nijibu vipi.

Aliwaambia wengine waende kulala. Hakunifukuza. Alichemsha maji, mimi nikapanda kwenye kiti nikasugua lile kabati, yeye chini ananipa vitambaa. Ndipo akanisimulia. Aliingia nchi hii na mwanawe kichanga, ameandikiwa kazi ya jikoni kwa Waingereza, mpishi kama mimi. Mumewe alibaki kwao Vienna amalize mambo afuate. Akawa anamwekea sahani. Akawa anamwandikia wifi yake aliyekuwa Uswisi: ana koti? Anakula? Wifi akawa anajibu habari za koti. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha ndipo akajua kwamba wifi alikuwa akijua siku nyingi.

"Yeye alikuwa akingoja niulize," akaniambia. "Nami nilikuwa nikiuliza habari za koti kwa sababu niliogopa. Uliza, Zeyana. Uliza neno lenyewe."

Basi nauliza neno lenyewe. Sikuulizi bakuli. Sikuulizi sweta. Baba Ruzuna yu hai?

Dada yako,
Zeyana


Unguja
6 Juni 1971

Dada yangu Zeyana,

Barua hii haipiti posta ya hapa. Anaibeba mtu ninayemwamini, ataitia sandukuni akifika Mombasa, kwa hiyo leo nitasema. Kama imechelewa, ni kwa sababu nilikuwa nikingoja mtu wa kuibeba, na pia kwa sababu nilikuwa nikiandika na kuchana.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Shemeji Masoud ametangulia mbele ya haki.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban, mwaka juzi. Nilipeleka wali wa nazi na changu wa kupaka, ndani ya lile bakuli lenu la arusi, la maua ya buluu. Nilingoja kivulini kama siku zote. Askari alipolileta, nililipokea kwa mkono mmoja, kwa kuwa huwa jepesi, likakaribia kuniponyoka. Lilikuwa zito. Wali vile vile nilivyoupanga, samaki mzima, hakuna aliyegusa. Akasema, "Usilete tena." Sikuuliza. Nilirudi nyumbani na bakuli kichwani, njia nzima watu wananisalimia, sikumwitikia hata mmoja.

Baadaye kidogo walitoa watu kule gerezani. Mmoja alikuja kwa mama baada ya isha, amekonda, anatetemeka. Alikuwa naye chumba kimoja. Ilikuwa homa, dada, na dawa haikuja. Wenzake walimwosha kwa maji ya kunywa, wakamsalia wenyewe, na mgeni wetu huyo akiwa mmoja wao. Nilikuwa sijui nimpe nini mtu yule. Sweta lako lilipofika ndilo nililompa. Anatetemeka mpaka leo, analivaa hata jua likiwaka.

Utaniuliza kwa nini. Mama ndiye aliyesema usiambiwe, nami sitajificha nyuma yake, kwa sababu nilikubali. Alisema: "Huko hana mtu. Mfiwa hapiki, hupikiwa na jirani. Mwanangu mimi leo nikimpa habari hii, kesho ataamka awashe jiko mwenyewe, alishe mtoto, aende kazini kulisha watu. Mwache mpaka arudi, nimpikie mimi." Tukakungoja urudi. Hukurudi, na hali ya hapa unaijua.

Lakini uongo sikukuandikia. Ijumaa tunapika kweli, mama anakoroga, na fungu lake linatoka kwanza, tunampa maskini pale msikitini, thawabu zimwendee yeye.

Kuna jambo jingine na ndilo linalonichoma zaidi. Nimemuuliza maalim juu ya eda yako. Amesema eda huhesabiwa tangu siku mtu alipokufa, si siku mke alipojua. Miezi minne na siku kumi imepita zamani. Huna eda ya kukaa, dada. Tumekunyang'anya hata hiyo.

Nisamehe ukiweza. Mama analia, na safari hii si jicho.

Thuwaiba


Kingsbury, London
4 Julai 1971

Mdogo wangu Thuwaiba,

Waalaykumu salaam. Nimeipata. Kokila aliniletea ngazini nikitoka kazini, nikaisomea palepale, kidato cha tatu.

Nilikukasirikia. Sitakuficha, maana mafichoni tumekwisha kukaa vya kutosha. Nilipanda juu nikakukasirikia wewe, na mama, na yule askari, na Ijumaa zote nilizokuwa nikilala nikijiambia leo amekula changu. Nilimpakulia maiti, Thuwaiba! Nilimfunikia maiti chakula kisipoe. Nililia mpaka Kokila akaja akakaa mlangoni, kisha akamchukua Ruzuna kwake.

Asubuhi niliamka nikaenda kazini. Mama alisema kweli. Ningefanya nini? Eda sina, matanga sina, wa kuniambia pole kwa lugha yangu sina. Nikavaa koti nikaenda kulisha watu.

Bi Frida akateremka na fimbo yake. Akawasha kibiriti, akawasha jiko, akachukua mwiko anikabidhi kama siku zote. Akanitazama. Mwiko ukabaki hewani.

"Wamekujibu," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia ni tangu mwaka juzi, na kwamba kwetu muda wa mjane umeshapita, sina haki hata ya kukaa chini.

Akafikiri. Akasema kwao nako ni hivyo hivyo, habari ikichelewa mno mtu hakai matanga siku zote zile. Hukaa saa moja tu. Lakini hiyo saa ni yake.

Akavuta kile kigoda tunachopandia makabati, akaniketisha karibu na sakafu. Mwiko hakunipa. Alipika yeye, na mikono yake ile ya baridi yabisi, akiangusha vifuniko. Alichemsha adesi, zile dengu ndogo, na mayai. Aliniambia adesi ni ya wafiwa, kwa sababu ni mviringo haina mdomo, na mfiwa naye hana neno. Nilitaka kuinuka kumsaidia, akanigusa bega na fimbo. "Mfiwa hapiki," akasema. Thuwaiba, sikuwa nimemwambia. Maneno ya mama, yanatoka mdomoni mwa bibi yule.

Jane alikuja akasimama mlangoni na mkoba wake wa kazini, akauweka chini, akakaa nasi sakafuni na nguo zake za dukani. Saa nzima. Nilimsomea Baba Ruzuna Yasini kwa sauti ya chini, nao wakainamisha vichwa.

Jioni nilimwambia Ruzuna. Akaniuliza, na aliniuliza kwa Kiswahili: "Baba alikuwa anapenda kula nini?" Nikamwambia changu wa kupaka. Akasema anataka kujifunza kumpika. Nikapakua, sahani yangu na sahani yake. Mkono ulikwenda kwenye ya tatu, nikaushika.

Hasira itaisha, usiogope. Imeanza kupungua tangu nilipofika pale ulipobeba lile bakuli zito kichwani peke yako. Nilipaswa kuwa nawe njia ile.

Mwambie mama afute machozi. Mwambie nilipikiwa. Bi Frida alinipakulia adesi ndani ya bakuli lake, nami sikuwa na njaa. Lakini nilimwona amesimama na fimbo yake, ananingoja. Nikala, mdogo wangu. Nikala yote, nikalipangusa kwa mkate, nikamrudishia bakuli tupu.

Dada yako,
Zeyana